Kimo cha Nyuzi

Gita la zamani la flamenko ni jepesi kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Hili nililokabidhiwa Granada, pamoja na vumbi lake na nyuzi zake zilizosawijika, halikufika kilo moja na nusu. Nililigeuza nikaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole. Likaitika papo hapo, kwa sauti kavu, kisha ndani kabisa kitu kikatetemeka kwa kuchelewa kidogo. Bibi aliyenipa akasema, "Hicho kidude kimo humo tangu marehemu yu hai."

Hakikuwa kidude. Ilikuwa boriti iliyobanduka, na karibu kila ugonjwa wa gita lile ulianzia hapo.

Bibi huyo ni jirani yangu Albaicín, mtaa wa vichochoro ulio mlimani, unaotazamana na Alhambra. Marehemu mumewe alikuwa akiwapigia wachezaji katika mapango ya Sacromonte, ambako watalii hupangwa ukutani na mchezaji hupita akivumisha sketi mbele ya magoti yao. Baada ya mzee kufariki, gita likawekwa juu ya kabati, likakaa huko majira kwa majira. Bibi alijua kwamba mimi ni seremala, na jioni alikuwa akinisikia nikipiga udi dirishani. "Mwanangu," aliniambia, "mjukuu anataka kujifunza. Dukani wanasema kulitengeneza ni ghali kuliko kununua jipya. Hebu litazame wewe."

Mimi ni mtu wa Unguja. Baba alikuwa fundi wa makasha na milango Mji Mkongwe, na ami yangu alipiga udi kwenye kikundi cha taarabu, kwa hiyo nimekulia kati ya randa na nyuzi. Hispania nilifikishwa na kazi ya kukarabati dari na madirisha ya nyumba kongwe. Gita nililijua kwa masikio tu. Watu wa hapa wakishasikia kwamba unapiga udi, hukusimulia habari za Ziryab, mwanamuziki aliyetoka Baghdad akafika Córdoba mwaka 822, anayesifiwa kwa kuutia udi uzi wa tano. Paco de Lucía aliipa albamu yake ya 1990 jina lake. Kisha hukumalizia kwa kukupongeza kwamba gita ni mtoto wa udi. Mimi hunyamaza, maana ni adabu, lakini si kweli sana. Mtoto wa udi ni ile luti ya Ulaya yenye mgongo wa mviringo. Gita lina mgongo bapa na lina ukoo wake. Kitu kimoja tu katika gita lile ndicho ambacho ami angekitambua hata taa zikizimwa, nacho ni vigingi vya mbao. Nitavifikia.

Kabla ya kushika patasi nilikwenda kuwauliza wanaojua. Kutoka Plaza Nueva kupanda Alhambra kuna barabara nyembamba iitwayo Cuesta de Gomérez, na kwa vizazi mafundi wa magita wamekuwa na karakana zao humo. Fundi mmoja, ambaye duka lake halikuwa huko, aliniambia tung'oe vigingi, tuzibe matundu, tufunge mashine za chuma za kukazia nyuzi, kisha tuinue nyuzi mpaka gita liache kukereketa. Ushauri wake ungefaa kabisa kwa gita la klasiki. Nilipomsimulia mpigaji mmoja mzee, rafiki wa marehemu, alinitazama kana kwamba nimemwambia nataka kumpaka rangi farasi. "Likiacha kukereketa," alisema, "utalipiga kanisani."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nakaribia kutibu kitu nisichojua afya yake ikoje. Ikabidi nirudi nyuma.

Antonio de Torres, mtu wa Almería aliyeishi kati ya 1817 na 1892, ndiye anayetajwa kuwa aliupa mwili wa gita la Hispania umbo tunalolijua: kiwiliwili kikubwa zaidi kuliko cha magita yaliyotangulia, na uso mwembamba wa mbao ya sprusi ulioshikiliwa kwa ndani na vijiti vilivyotandazwa kama upepeo. Magita ya watu wenye uwezo yalikuwa na mgongo wa sesemi, mbao nzito iliyotoka ng'ambo. Ya wasio na uwezo yalikuwa ya saipresi, mti wa huko huko, unaopandwa makaburini na mabustanini. Saipresi ikaangukia mikononi mwa wapigaji wa flamenko kwa sababu ya bei, na wao wakaigeuza kuwa tabia ya muziki wenyewe. Mchezaji akipigisha visigino sakafuni, sauti ndefu ya gita humchafulia hesabu. Anachohitaji ni sauti inayoruka upesi na kukatika upesi. Mafundi wa Madrid, Santos Hernández, Domingo Esteso, na baada yao Marcelo Barbero, waliufuata mkondo huo kwa makusudi: mbao nyembamba, mwili mwepesi, nyuzi zinazolala chini.

Neno hilo la mwisho ndilo kiini cha kazi yote. Kwenye gita la klasiki, uzi mnene wa sita hupita kama milimita nne juu ya freti ya 12, kimoja cha vijiti vya chuma vinavyokatisha shingo. Kwenye gita la flamenko hupita tatu, au pungufu kidogo. Tofauti ya milimita moja ukiitaja kwa mtu wa milango na makasha atakucheka. Lakini vidole vya mkono wa kushoto vinavyoruka huko na huko usiku kucha hukijua kimo hicho kuliko rula. Na uzi ukiwa chini kiasi hicho, ukichapwa kwa nguvu na kucha, lazima uguse freti mahali fulani. Ule mkereketo ambao fundi wa duka alitaka kuuua umo ndani ya sauti inayotakiwa. Kuna mkereketo mwingine, wa boriti iliyobanduka au freti iliyoinuka, na huo ndio ugonjwa. Kazi ni kuzitenganisha sauti hizo mbili, na hakuna chombo cha kupimia zaidi ya sikio.

Gita la jirani yangu lilikuwa na milimita tano. Halikupigika. Mjukuu wake, kijana wa sekondari, alilibana kwa dakika chache akatoka na mistari myekundu kwenye ncha za vidole. Ukilitazama kwa ubavuni, ukiweka jicho kichwani mwa gita na kuangaza kuelekea darajani, uliona shingo imejipinda kwenda mbele. Kila aliyelitazama alisema kitu kimoja: shingo imekwisha.

Ingekuwa fidla, fundi angeichomoa shingo na kuirudisha kwa pembe nyingine. Gita la Kihispania haliruhusu hilo. Shingo yake na kisigino chake cha ndani ni kipande kimoja, na mbao za pembeni zimechomekwa katika nyufa zilizokatwa kwenye kisigino hicho. Gita limejengwa likiizunguka shingo. Kuichomoa ni kulibomoa. Kwa hiyo wengi hukimbilia njia ya mkato, yaani kuupunguza ule mfupa wa darajani unaobeba nyuzi, wapunguze tena na tena, mpaka nyuzi zinalala karibu juu ya mbao na gita linapoteza sauti. Hili langu lilikuwa limeshapitia huko. Mtu fulani, zamani, alikuwa ameukata mfupa ukabaki kama ukucha, na daraja lenyewe alikuwa ameligandisha kwa gundi ya epoksi iliyofurika pembeni ikakauka ya njano. Sina la kusema juu ya mtu huyo isipokuwa kwamba gundi yake ni ngumu kwelikweli.

Nilichofanya kwanza ni kuiacha shingo. Niliingiza taa ndogo kwenye tundu la sauti, na kioo cha mkononi cha daktari wa meno, nikaanza kuzunguka ndani kama mwizi. Chini kidogo ya tundu kuna boriti inayokatisha uso mzima wa gita. Upande wa uzi wa sita ilikuwa imeachana na uso kwa urefu wa kidole, na nyuma yake kijiti kimoja cha ule upepeo kilikuwa kinaning'inia kwa ncha. Sasa fikiria: nyuzi sita za nailoni zikikazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 40, na nguvu hiyo yote imefungwa kwenye daraja lililobandikwa juu ya mbao yenye unene wa milimita mbili hivi. Boriti ikilegea, uso hudidimia mbele ya daraja na kuvimba nyuma yake. Daraja huinama. Kimo cha nyuzi hubadilika. Sehemu ya kosa tulilokuwa tukiilaumu shingo ilikuwa imezaliwa tumboni.

Gundi ya asili ilikuwa ya ngozi, ile inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Namshukuru fundi wa kwanza, ambaye sijui jina lake kwa kuwa lebo imechanika nusu. Gundi ya ngozi ina heshima moja ambayo za kisasa hazina: ukiipa joto na unyevu inaachia, na ukiweka mpya juu ya mabaki ya zamani, zinashikana. Nilisafisha nyufa kwa kitambaa chenye maji ya moto, nikapasha gundi ndani ya kopo lililokaa kwenye maji ya nyuzijoto 60 hivi, nikaisukuma kwenye ufa kwa kisu chembamba cha kupakia siagi. Halafu kuna dakika chache tu za kubana kabla haijaganda. Kibano cha kawaida hakiingii humo. Nilitengeneza jeki ndogo kwa bolti, nati na vipande viwili vya mbao vilivyovikwa ngozi, ikakaa kati ya mgongo na boriti, nikaizungusha kwa ncha za vidole vya mkono mmoja huku mwingine umeshika kioo. Saipresi ni laini. Ukizidisha nusu mzunguko, mgongo unabonyea. Ufa uliokuwa usoni, chini ya ile kinga ya plastiki anayoigonga mpigaji, niliuziba kwa gundi hiyo hiyo na kuupachika kwa ndani viraka vya sprusi, nyuzi za mbao zao zikikatisha za uso.

Kisha nikalitia gita nyuzi, nikazikaza nusu, nikalitundika ukutani mbali na jua, nikarudi kwenye dari za watu.

Nilipopima tena, milimita tano zilikuwa zimekuwa nne na kidogo, bila randa kugusa chochote. Uso ulikuwa umerudi nyumbani kwake taratibu. Baadhi ya mafundi wataniambia ningeweza kupata matokeo hayo haraka kwa kupasha joto, na huenda ni kweli. Mimi sipendi kuibishia mbao ya zamani.

Zilizobaki zilikuwa za shingo kihalali, na hapo ndipo hesabu inapopendeza. Uzi umeshikwa pande mbili, kwenye mfupa wa juu karibu na vigingi na kwenye mfupa wa daraja, na freti ya 12 iko katikati kabisa. Ukishusha upande mmoja kwa milimita moja, katikati panashuka nusu yake tu. Darajani sikuwa na cha kupunguza. Kinyume chake, nilitaka kurudisha mfupa mpya wenye kimo. Kwa hiyo ilibidi ubao wa shingo ushuke upande wa vigingini. Nilizing'oa freti moja moja, nikizipasha kwanza kwa chuma cha kulehemu ili mbao inayozishika ilegee, kisha kwa koleo lililosagwa likawa bapa, polepole, kwa sababu ubao ni wa mpingo wa Afrika ya Kati na mpingo mkavu hurusha vibanzi. Randa ikaanzia freti ya kwanza ikifa kabla ya kufika kwenye mwili wa gita. Niliupima ubao kila baada ya mapito machache kwa rula ya chuma na mwanga nyuma yake; mwanga ukipenya, kazi haijaisha.

Freti mpya nilichagua zenye mguu mnene kidogo kuliko nyufa zake. Ukizigonga ndani, kila moja inausukuma ubao uongezeke urefu kwa kiasi kisichoonekana, na zote kwa pamoja zinaipeleka shingo nyuma. Ni ujanja wa zamani wa magita yasiyo na fimbo ya chuma shingoni, na unataka kiasi. Ukizidi, shingo hupinda kinyume. Mwisho wa yote uzi wa sita ulikaa kwenye milimita tatu kasoro, na mfupa wa darajani ukawa na kimo cha kuonekana. Kwenye uso wa gita, pale darajani, nyuzi zilipita kama milimita nane juu ya mbao. Mkono wa kulia unaogonga na kuchapa unahitaji kuwa karibu hivyo. Kwenye gita la klasiki ingekuwa 11 au 12.

Sasa vigingi. Mashine za chuma zina meno, na kwa kawaida unazungusha kichwa mara 14 au zaidi ili uzi ujizungushe mara moja. Kigingi cha mbao hakina msaada huo. Ukikisogeza kidogo, uzi umesogea kidogo hicho hicho, na kinachokizuia kisirudi ni msuguano tu wa mbao kwa mbao. Vya gita hili vilikuwa vimelika vikawa na mabonde, vinateleza, kisha ghafla vinakwama. Ndiyo maana vina sifa mbaya. Lakini kigingi kinachoteleza ni kigingi ambacho hakilingani na tundu lake, basi. Nilikereza vipya kutoka kwenye kipande cha mpingo wetu, wa Lindi, ambao ni mti tofauti kabisa na ule wa ubao wa shingo ingawa Wazungu huichanganya, nikavipa mchongoko wa milimita moja kwa kila 30 za urefu, na matundu nikayapanua kwa mchongoko huo huo mpaka kila kigingi kikashikwa pande zote mbili kwa usawa. Halafu chaki na sabuni kavu: chaki kwa kushika, sabuni kwa kuteleza. Ami alikuwa na kipande cha sabuni ndani ya mfuko wa udi wake kila alikokwenda, na bila shaka watu waliomwona walidhani ni mtu msafi sana.

Rangi sikuigusa, au karibu sikuigusa. Gita lilipakwa shelaki, ule utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti na kusuguliwa kwa kitambaa kilichokunjwa. Palipokuwa pametoboka mpaka mbao nilifunika kidogo. Mikwaruzo ya kucha za marehemu kuzunguka tundu niliiacha, si kwa huruma, bali kwa sababu kila tabaka jipya ni uzito juu ya uso unaotakiwa kuruka. Mjukuu alitaka ling'ae. Nilimwambia asubiri apate la kwake.

Siku mpigaji mzee alipokuja kulijaribu, hakuanza kwa kupiga. Alikivuta kila kigingi nje nusu, akakirudisha, akanusa chaki, hakusema kitu. Akafunga kapo, kile kibano cha nyuzi, kwenye freti ya pili, akapiga bulería, mdundo wa flamenko, kwa dakika tano hivi akiwa na koti lake, akigonga uso kwa kidole cha pete. Uzi wa tatu ulimkera. Alisema umevimba, haukati kama wenzake, na alikuwa na kweli. Uzi wa tatu wa nailoni ndio mnene kuliko wote wasio na waya, na kwenye gita jepesi udhaifu wake hujionyesha. Nimekwishaubadilisha kwa wa kaboni, ambao ni mwembamba kwa mvuto ule ule, na umekata. Juu ya mkereketo hakutamka neno, nami sikuuliza.

Mjukuu analipiga kila siku baada ya shule, madirisha wazi, na makosa yake naweza kuyahesabu kutoka jikoni kwangu. Majira ya joto ya Granada ni makavu, vigingi hunywea, na uzi wa kwanza humkimbia katikati ya wimbo. Ameshanunua mashine za chuma kwa pesa zake. Ziko kwenye droo ya bibi yake, bado zimo ndani ya boksi, na tumekubaliana tulijadili tena mvua za vuli zikianza.